Tarehe 1 na tarehe 15

Mzee ninayemtunza Jumanne na Alhamisi ana tabia moja, kila asubuhi nikifika lazima aniulize leo tarehe ngapi. Mwanzoni nilidhani ni umri tu, kichwa kimeanza kuchoka, nikawa namjibu kwa ule upole wetu wa kazini. Siku moja nikamwambia leo tarehe 15 mzee, akajiweka sawa kwenye kiti, akasema basi leo foleni ingefika mpaka nje.

Foleni ya nini tena? Ya kunyoa. Kumbe mzee alikuwa kinyozi, zaidi ya miaka ishirini, kiduka chake kilikuwa barabara ya kuelekea geti la kambi ya jeshi la majini hapa Brunswick, jimbo la Maine, huku juu kabisa Marekani kwenye baridi. Wanajeshi wa huku mshahara unaingia mara mbili kwa mwezi, tarehe 1 na tarehe 15, na mwanajeshi hana ruhusa ya kufuga nywele, kwa hiyo hela ikishaingia tu vijana wanajazana kwake, wananyoa, wanatoka hapo wanaenda kula piza, wanaenda kulipa mkopo wa gari, wanamnunulia mchumba maua. Mzee anasema alikuwa anajua bajeti ya jeshi la Marekani kwa kuangalia nywele zilizopo sakafuni.

Sasa kambi ilifungwa 2011 na kiduka kikafa, na yeye mpaka leo ameshika zile tarehe mbili kama mtu anayesubiri simu.

Kwa wageni wa hapa, mimi ni mtoto wa Kasulu, Kigoma. Nabeba boksi kama Wabongo wengine ila boksi langu mimi ni wazee, nawaogesha, nawapa dawa, nawasikiliza. Hiyo ya kusikiliza haimo kwenye malipo lakini ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote. Stori ya huyu mzee imenikaa kichwani miezi kadhaa kwa sababu nilipoisikia nikamwona mama yangu, yaani ni mama yangu kabisa, tofauti ni mkasi na mizani. Nitafika huko.

Kwanza kambi yenyewe. Ilijengwa 1943 wakati wa vita ya pili ya dunia, kazi yake ya mwanzo ilikuwa kufundisha marubani wa Uingereza na Canada. Vita ikaisha wakaifunga, halafu Warusi wakaanza kuwanyima usingizi wakaifungua tena 1951. Kuanzia hapo miaka karibu 60 ndege za doria zilikuwa zinaruka kutoka hapa kwenda kutafuta nyambizi za Kisovieti baharini, za mwisho zilikuwa zinaitwa P-3 Orion, zina pangaboi nne, mzee anasema ukiwa unamnyoa mtu na moja inapaa inabidi usimamishe mkono kwanza. Barabara za kurukia ziko mbili zimelala sambamba, ndefu balaa, na eneo lote ni ekari zaidi ya 3,000. Mji wenyewe una watu kama 20,000 hivi, na ndani ya geti kulikuwa na wanajeshi zaidi ya 2,500 na raia mia kadhaa walioajiriwa, hapo hujaweka wake, waume na watoto. Piga hesabu mwenyewe, mji wa size ya Kasulu ya zamani halafu katikati yake kuna ofisi moja inayolipa mishahara maelfu kila baada ya wiki mbili bila kukosa, mvua inyeshe theluji ianguke.

Halafu nyambizi za Kisovieti zikaisha, na Wamarekani wakaanza kujiuliza kambi zote hizi za nini. Wana utaratibu wao wa kufunga kambi unaitwa BRAC, sababu ni kwamba mbunge hata siku moja hawezi kukubali kambi ya jimboni kwake ifungwe, basi wanaunda tume, tume inapitia orodha, halafu orodha inakubaliwa yote au inakataliwa yote, hakuna kuchomoa cha kwako. Wamefanya mara tano, 1988, 1991, 1993, 1995 na 2005. Brunswick ilipona zote nne za mwanzo. Mwaka 2005 makao makuu ya jeshi walipendekeza kitu kidogo tu, ndege zihamie Jacksonville kule Florida lakini kambi ibaki nusu nusu. Tume ikasema hapana, mkihamisha ndege kambi ya nini, funga yote.

Na hapa kuna kitu mzee hajawahi kusamehe. Siku zile zile tume ikaamua kuubakiza uwanja wa kutengeneza nyambizi kule Kittery, jimbo hili hili la Maine, ambao wenyewe makao makuu yalitaka ufungwe. Kwa hiyo TV moja hiyo hiyo inaonyesha watu wa Kittery wanakumbatiana wanalia kwa furaha na watu wa Brunswick wameshika viuno. Mzee anasema mteja wake mmoja, ofisa, alikuwa kwenye kiti nusu kichwa kimenyolewa nusu bado, habari ikatangazwa redioni, wote wawili wakanyamaza, akamalizia nusu iliyobaki akakataa kupokea hela. Nikamuuliza kwa nini ulikataa hela siku ambayo ndiyo umeambiwa hela inakwisha, akanijibu ndiyo maana sikuwahi kuwa tajiri.

Sasa wengi mnaweza kufikiri kambi ikifungwa ni kama duka, leo kufuli kesho giza. Hapana. Kutoka kutangazwa mpaka bendera kushushwa tarehe 31 Mei 2011 ilipita karibu miaka sita, na hiyo miaka sita ndiyo iliyomuua mzee, siyo 2011. Ndege zilikuwa zinaondoka kikosi kimoja kimoja, za mwisho zimeondoka Novemba 2009. Kila kikosi kikiondoka foleni ya tarehe 15 inapungua vichwa, lakini haipungui kiasi cha kukufanya ufunge, unasema acha nisubiri mwezi ujao. Akajaribu kuuza kiduka. Nani atanunua kiduka cha kinyozi kwenye geti la kambi ambayo nchi nzima inajua inafungwa? Akaenda benki akope ahamie katikati ya mji, benki wakamuuliza wateja wako ni nani, akasema wanajeshi, wakaangaliana. Na katikati ya yote hayo ukaja mdororo wa 2008, nyumba zikashuka bei Marekani nzima, kwa hiyo hata waliotaka kuuza nyumba waondoke wakajikuta wanauza kwa hasara au wanakaa nayo. Mke wake alikuwa anapika jikoni shuleni, watoto wa wanajeshi walipoanza kuhama masaa yake yakakatwa. Na shule nayo haikupoteza watoto tu, maana serikali kuu ilikuwa inatoa fedha maalum kwa shule zenye watoto wa wanajeshi, mtoto akihama anahama na fungu lake. Kwa hiyo nyumba moja ya watu wawili, mmoja kinyozi mmoja mpishi, hakuna hata mmoja aliyeajiriwa na jeshi, na wote wawili wamepigwa na bajeti ya jeshi.

Hapa ndipo mama anaingia.

Kasulu miaka ile, mnaojua mnajua, tulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila. Mama alikuwa anapeleka dagaa, mawese na chumvi, anarudi na unga na mafuta ya kopo ya msaada, maana mtu ukipewa unga na maharage kila siku ya Mungu utatamani dagaa hata kwa kuuza nusu ya unga wako. Watu wanasema eti ni ujanja wa wakimbizi, mimi nasema ni ulimi tu, binadamu ana ulimi. Mama alikuwa na siku zake kama mzee, siku ya mgao wa chakula cha msaada. Siku ya mgao tulikuwa hatuendi shule mapema, tunabeba ndoo. Siku ya mgao ndiyo tulinunuliwa viatu. Hata msiba ukitokea mama anauliza kwanza, mgao lini?

Mwisho wa 2012 Mtabila ikafungwa. Watu zaidi ya 30,000 wakarudishwa Burundi ndani ya miezi michache, mabasi na malori yanapita mjini mizigo imefungwa juu, kuku wananing'inia. Hakukuwa na miaka sita. Mama alikuwa na daftari la madeni, lile la kava la bluu, kurasa na kurasa, fulani dagaa kilo mbili, mama fulani mawese chupa tatu atalipa mgao ujao. Mgao ujao haukuja. Wachache walimtafuta wakamlipa kabla ya kupanda gari, mmoja alimwachia baiskeli mbovu. Wengine waliondoka usiku, na mama huwa anasema wale siyo wezi, walikuwa hawana. Daftari bado analo. Nimemwambia alitupe, anasema huenda kuna atakayerudi.

Nilipomweleza mzee hii stori (Kiingereza changu kinagongagonga lakini tunaelewana) akauliza swali moja tu, yeye serikali ilimpa nini? Nikasema haikumpa kitu, yeye hakuwa mkimbizi na hakuwa mfanyakazi wa kambi, alikuwa mama muuza dagaa. Mzee akatikisa kichwa akasema na mimi hivyo hivyo.

Na hiki ndicho kinachonichoma. Kambi inapofungwa huku kuna mipango, siyo kwamba waliwaacha hivi hivi, hapana. Kuna hela ya serikali kuu ya kusaidia mji kupanga upya eneo. Raia walioajiriwa ndani ya kambi walikuwa na njia zao, kuhamishwa kwenda kambi nyingine, kusomeshwa kazi mpya. Wanajeshi wenyewe wanahama na kazi yao, wao kambi ni kituo tu. Lakini kinyozi? Mwenye baa? Dada anayefua sare? Mwenye nyumba mbili za kupangisha? Wao kwenye ripoti wana jina lao, wanaitwa ajira zisizo za moja kwa moja. Nilipomtafsiria mzee jinsi nilivyolisoma hilo neno alicheka mpaka nikaogopa, akasema nimewashika vichwa kwa mikono yangu miaka ishirini, hakuna aliyekuwa wa moja kwa moja kuliko mimi.

Hela ya jeshi kwenye mji mdogo ni hela inayotoka nje. Inakatwa kodi mtu wa California, inakuja kunyolea nywele Maine. Kinyozi akiipata anampelekea fundi bomba, fundi bomba anapeleka kwa daktari wa meno, inazunguka humo humo mara kadhaa kabla haijatoka. Ukiifunga hiyo bomba, wa kwanza kuona ni anayekinga karibu na mdomo, na wa mwisho anakuja kushangaa miaka mitatu baadaye mbona wateja wamepungua na hajui hata ihusiane vipi na ndege. Mama alikuwa mdomoni kabisa. Lakini fundi cherehani wa jirani yetu ambaye hajawahi kukanyaga Mtabila naye biashara ilikufa, kwa sababu aliyekuwa anamshonesha ni mama.

Haya, niwe mkweli, Brunswick haikufa. Nikisema imekufa nitakuwa naongopa maana nakaa hapa na kodi ya nyumba inanitoa roho. Mji ulikuwa na bahati ya kuwa na vitu vingine, kuna chuo cha Bowdoin cha tangu enzi, kuna hospitali, kuna kiwanda wanashonea vile viatu vya L.L.Bean vya mpira na ngozi, na maili chache tu hapo Bath wanaunda manowari, maelfu ya watu wanaamkia huko kila asubuhi na ukikosea kutoka wakati shifti inabadilishwa utakaa kwenye foleni ya magari utamke maneno ya dhambi. Ingawa na hiyo nayo ni hela ya jeshi la majini, kwa hiyo mji umefunga kambi ila bado mkono mmoja uko kwenye sahani ile ile. Eneo la kambi wakalipa jina jipya, Brunswick Landing, wakaunda mamlaka ya kuliendesha, uwanja wa ndege ukawa wa kiraia 2011, kampuni ya Mölnlycke ikaja kutengeneza bandeji za vidonda (bandeji ambazo mimi nazibandika kwa wazee wangu, dunia ndogo), vikaja vyuo, ofisi za kupokea simu za wateja, hata kiwanda cha bia kimekaa kwenye jengo walilokuwa wanafanyia shabaha. Ajira zaidi ya 2,000 zimerudi mle ndani. Wakuu wanazitaja kwa furaha na wana haki.

Nenda Limestone uone ingekuwaje. Hiyo iko kaskazini kabisa ya jimbo hili, kwenye viazi, karibu na mpaka wa Canada. Walikuwa na kambi ya ndege kubwa za mabomu, Loring, imefungwa 1994. Sensa ya 1990 mji ulikuwa na watu karibu 10,000, sensa ya 2000 hawafiki 2,500. Sijakosea, soma tena. Miaka kumi, watu watatu kati ya wanne hawapo. Hakuna chuo, hakuna hospitali kubwa, hakuna manowari, kuna viazi na barabara ya ndege ambayo haina wa kuitumia. Miaka ya tisini bendi moja ya muziki ya Phish ilikuwa inafanyia matamasha yake pale, maelfu ya vijana wanakuja na mahema siku mbili tatu wanaondoka, basi hiyo ndiyo ikawa tarehe 15 ya Limestone, nayo ilikuja mara chache tu. Kinachowashikilia mpaka leo ni pamoja na ofisi ya mahesabu ya jeshi. Yaani jeshi limeondoka likawaachia wahasibu wake.

Halafu kuna Pease, jimbo jirani la New Hampshire, ilifungwa 1991, iko karibu na barabara kuu na siyo mbali na Boston, leo ni eneo la biashara lenye maelfu ya ajira na kila mwanasiasa akitaka kuwatuliza watu anaitaja Pease. Pease, Pease, Pease. Mimi naona ni kama kumwambia mtoto aliyefeli kwamba binamu yake ni daktari.

Ila hesabu ya ajira 2,000 ina ujanja wake hata Brunswick. Kazi zimerudi ni kweli, lakini zimemrudia nani na lini? Kiwanda cha bandeji hakikuhitaji kinyozi wa miaka sitini. Vijana wa kupokea simu walikuwa darasa la pili wakati kambi inatangazwa kufungwa. Kuna mwenye kampuni ya ndege aliyekuja na ahadi za ajira mamia, akapigwa picha, akahamishia matumaini yake jimbo lingine, na watu waliosubiri miaka miwili wakiwa na vyeti mkononi hakuna anayewahesabu. Mzee aliishia kuendesha basi la shule mpaka macho yakamgomea. Kwenye karatasi mji uko sawa, waliotoka wameingia, jumla imesimama. Jumla hainyolewi nywele jamani. Ukikata kazi ya mtu 2009 ukampa mtoto wa mwenzake kazi 2018 huwezi kusema umerudisha.

Na ule uokoaji wenyewe wa fedha? Hii nilikuja kuisoma nikabaki mdomo wazi. Wakaguzi wa serikali kuu ya Marekani, GAO, walipiga hesabu 2012 wakakuta zoezi lote la 2005 nchi nzima lilikadiriwa kugharimu dola bilioni 21, likaishia kugharimu bilioni 35. Na walichotarajia kuokoa ndani ya miaka 20 kilikuwa karibu bilioni 36, hesabu mpya ikaonyesha karibu bilioni 10. Siyo kwamba hawakuokoa, wameokoa, lakini kama ningekuwa nimeenda sokoni na hela ya mama nikarudi na hesabu hiyo nisingelala ndani siku hiyo. Kuhama ni gharama, unajenga upya Florida kile ulichokuwa nacho Maine, unasafirisha, unasafisha.

Kusafisha, ndio. Maana jeshi likiondoka halibebi kila kitu. Tarehe 19 Agosti 2024, miaka 13 baada ya geti kufungwa, kwenye banda la ndege namba 4 mfumo wa kuzima moto ulijifungua wenyewe bila moto wowote, zikatoka lita karibu 5,500 za dawa ya povu zikiwa zimechanganyika na maji kama lita 190,000. Povu lile lina zile kemikali za PFAS ambazo haziozi, zinaingia kwenye visima, zinakaa mwilini. Lilikuwa linapeperuka nje kama theluji, theluji mwezi wa nane. Mimi nilikuwa naenda kazini nikaona watu wamesimama mbali wanapiga picha, nikadhani kuna sherehe. Hilo banda halina ndege za doria tena, lakini povu lilikuwa limekaa linasubiri. Kwenye mahesabu ya kuokoa fedha sijui hili wataliandika safu gani.

Sipiganii jeshi liwe kubwa, mtu asinisome vibaya. Nimetoka Kigoma, tumepokea watu waliokimbia bunduki za Burundi na Kongo tangu sijazaliwa, mimi nikisikia dunia inapunguza bunduki nashangilia. Ninachosema ni kwamba anayekata bajeti anamwona aliye kwenye payroli tu. Angetembea mita mia mbili kutoka getini, akaingia kila mlango, akauliza wewe unaishi kwa tarehe gani, angepata orodha nyingine kabisa na ndiyo ingekuwa orodha ya kweli. Hiyo kazi haihitaji profesa, hata mimi ningeifanya, na naijua kwa sababu nilibeba ndoo.

Sasa mniruhusu niwape kioja. Mwaka 2023 wakati wakimbizi wengi kutoka Angola na Kongo wamefika Maine na mji wa Portland hauna pa kuwaweka, wanalala kwenye ukumbi wa michezo, zikajengwa apatimenti wapi? Kwenye kambi. Brunswick Landing hiyo hiyo. Leo ukipita Jumamosi unasikia Lingala, Kireno, na kile Kiswahili cha Bukavu ambacho mimi wa Kasulu nakisikia kama nyumbani, wamama wamejifunga vitenge juu ya makoti ya baridi wanatembea barabara zilizojengwa kwa ajili ya mabaharia. Na kule kwetu Mtabila je? Mtabila sasa ni kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Huku kambi ya jeshi imekuwa makazi ya wakimbizi, kule makazi ya wakimbizi yamekuwa kambi ya jeshi. Nilimpigia mama WhatsApp kumweleza akanyamaza kidogo, akasema kwa hiyo mwanangu umeenda mpaka Ulaya (kwake kote ni Ulaya) ukakae pale pale. Nikamuuliza na hao vijana wa JKT wananunua? Akasema wale wanalima wenyewe, wanafuga wenyewe, wamenyoa upara wote sare, hawana hata shida ya dagaa. Kisha akaanza kulalamika mtandao.

Kwenye hizo apatimenti kuna kijana wa Uvira, makaratasi yake yametoka na kibali cha kazi anacho, mchana yuko kiwandani, jioni ananyoa watu jikoni kwake. Hapa mjini vinyozi wapo ila ukiwapelekea kichwa cha mtoto wetu wanakishangaa kama ramani, kwa hiyo ijumaa jioni kwa huyo kijana hapatoshi, watoto wamekaa mpaka kwenye ngazi. Nilimwambia mzee wiki iliyopita, nikamwambia mzee, kuna kinyozi kambini na kuna foleni. Aliweka kikombe chini. Akaniuliza iko upande gani, nikamweleza, akafumba macho akawa anahesabu majengo, akasema hapo palikuwa na nyasi tu. Akauliza mashine anatumia gani, nikasema mimi sijui mashine. Akauliza analipisha ngapi.

Nikasema dola 10.

Mzee akasema ni kidogo mno, mwambie huyo mtoto apandishe, na mwambie asinyoe kwa mkopo.